Fundi Asiyekimbilia Spana

Taa ile ya rangi ya chungwa yenye mchoro wa injini imezoeleka kwenye deshibodi za magari yetu kiasi kwamba madereva wengi hawaioni tena. Iliwaka muda mfupi baada ya gari kununuliwa, ikazimwa kwa mashine, ikarudi, ikazimwa tena, na mwishowe ikaachwa iwake itakavyo. Chukua Toyota IST ya toleo la kwanza, iliyotengenezwa Japani kuanzia 2002 hadi 2007 na ambayo imejaa barabara za Dar es Salaam: hata iliyo changa kuliko zote imeshapita miaka 15. Gari la umri huo likifikishwa gereji na taa isiyokubali kuzimika, yuko fundi atakayesoma kodi, yaani namba ya kosa iliyoandikwa na kompyuta ya injini, ataje jina la sensa na amtume mwenye gari kwenye maduka ya Gerezani kutafuta spea. Yuko na mwingine atakayeuliza maswali, akae kwenye kiti cha dereva akitazama namba zinavyopanda na kushuka, na kwa nusu saa nzima asiguse spana. Huyu wa pili mara nyingi huonekana mvivu, au asiyejua pa kuanzia. Mimi nadai kazi yake ndiyo bora kuliko zote zinazofanyika gereji leo, na ubora wake unatokana na jambo moja: anakataa kuichukulia kodi kuwa jibu.

Inafaa kujua taa hii ilibuniwa kwa ajili ya nani, maana dereva hakuwa wa kwanza kufikiriwa. Asili yake ni California, jimbo la Marekani ambalo miji yake, hasa Los Angeles, ilisongwa na moshi wa magari. Bodi ya hewa ya jimbo hilo ilitaka magari kuanzia modeli za 1988 yaweze kujichunguza yenyewe, na kufikia modeli za 1996 kila gari dogo jipya lililouzwa Marekani lilitakiwa kuwa na mfumo wa aina moja, wenye soketi ya pini 16 chini ya deshibodi. Umoja wa Ulaya ulifuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Kwa hiyo kompyuta ya injini inalinda hewa: inafuatilia kile kinachoweza kuongeza sumu kwenye moshi. Ndiyo maana gari linaweza kukimbia vizuri huku taa ikiwaka, na ndiyo maana breki zinaweza kuisha kabisa taa hii isiseme neno. Toyota nyingi za Japani za miaka ya 1990 hazikuwa hata na mfumo huo. Fundi aliunganisha tundu mbili ndani ya kiboksi kilicho chini ya boneti, TE1 na E1, kwa kipande cha waya, kisha akahesabu taa inavyopepesa. Waliojifunzia kazi hapo, nionavyo, walipata malezi mema, kwa sababu kuhesabu mipepeso kunamlazimisha mtu atulie.

Sasa tuitazame kodi moja, P0171, ambayo husema kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kupita inavyohitaji petroli iliyomo. Petroli huungua vizuri ikipata hewa mara 14.7 ya uzito wake. Kompyuta hupima hewa inayoingia kwa sensa iliyo karibu na chujio, humwaga petroli inayolingana, kisha hutazama sensa ya oksijeni kwenye ekzosi kujua kama imepatia. Ikikuta imekosea, hurekebisha kwa asilimia fulani, na marekebisho yakizidi kikomo chake huandika kodi. Mara nyingi hungoja kosa lijirudie safari ya pili ndipo iwashe taa. Maana yake ni kwamba P0171 ni taarifa ya hesabu iliyogoma kukaa sawa. Haitaji kifaa chochote kilichokufa. Mpira wa hewa uliopasuka unaweza kuileta. Sensa ya hewa iliyoshika vumbi inaweza kuileta. Pampu ya mafuta iliyochoka, filta iliyoziba, hata tundu kwenye ekzosi kabla ya sensa. Na fundi mwenye haraka hubadilisha nini? Sensa ya oksijeni, kwa kuwa ndiyo iliyotoa habari. Huenda ndicho kifaa pekee kilichokuwa kinasema kweli.

Hapa ndipo ufundi unapoonekana. Fundi anayepima huacha injini ipate moto, halafu hutazama yale marekebisho gari likiwa limesimama linaunguruma taratibu. Tuseme yanasoma asilimia 20 za nyongeza. Anakanyaga mafuta mpaka mizunguko 2500 kwa dakika na kuishikilia hapo. Yakishuka yakakaribia sifuri, ameshajua sehemu kubwa ya anachotafuta, kabla hajafungua hata skrubu moja: kuna hewa inayoingia kwa mlango wa pembeni bila kupimwa. Tundu lina ukubwa uleule wakati wote. Injini inapovuta hewa kidogo, hewa ya wizi ni sehemu kubwa ya jumla, na inapovuta nyingi, ile ya wizi haionekani. Mambo yakiwa kinyume, yaani namba ni nzuri gari likiwa limesimama lakini zinapanda linapopanda mlima au kubeba mzigo, basi petroli haitoshi, au sensa ya hewa inasoma pungufu. Kodi ni ileile moja, nayo inaashiria sehemu mbili za gari zisizohusiana, na kilichozitenganisha ni mguu kwenye pedali na jicho lililojua litazame nini. Baada ya hapo fundi huingiza moshi kwenye njia ya hewa aone unavujia wapi. Asiye na mashine ya moshi hunyunyiza maji kidogo kwenye mipira, mbali na nyaya na koili, akisikiliza mlio wa injini ubadilike. (Wapo wanaonyunyiza petroli au dawa ya kusafishia kabureta juu ya injini yenye moto. Kazi hufanyika, na siku moja gereji huungua.) Akishaziba tundu hurudi kwenye zile namba. Zikikaa karibu na sifuri, gari na lirudi kwa mwenyewe. Zisipokaa, bado hajamaliza, hata kama taa imezimika.

Maswali nayo ni vipimo. Taa iliwaka lini: asubuhi ya baridi, baada ya mvua, baada ya kujaza mafuta kituo kisichozoeleka, au baada ya injini kuoshwa kwa mashine ya presha? Kila jibu linafuta orodha ndefu ya visababishi. Maji ya presha huingia kwenye soketi za koili na injini ikaanza kumisi siku hiyohiyo. Mafuta yaliyochanganywa na mafuta ya taa si hadithi za vijiweni tu. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji Tanzania, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu uchakachuaji ulikuwa mkubwa. Kompyuta yenyewe huhifadhi kumbukumbu ya hali ilivyokuwa kodi ilipoandikwa: mwendo, joto la injini, mzigo. Anayefuta kodi kabla ya kusoma kumbukumbu hiyo amefuta ushahidi wake mwenyewe.

Kuna kodi inayowatajirisha watu: P0420. Hutokea sensa ya pili, iliyo nyuma ya masega ya ekzosi, inapoonyesha kwamba masega hayasafishi moshi tena. Ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini yenye wanunuzi, na hivyo ushauri wa kuyatoa haukosi mshauri. Lakini masega hayafi yenyewe kwa kawaida. Huuawa na injini inayomisi na kumwaga petroli isiyoungua, ambayo huenda kuungulia humo ndani; taa inayopepesa badala ya kuwaka tuli humaanisha hilo hasa, na dereva anatakiwa apunguze mwendo palepale. Au huuawa na injini inayokula oili kwa sababu ya ringi zilizochoka. Anayeyatoa amemaliza ushahidi na kuacha mhalifu, nayo taa inaendelea kuwaka, mpaka mtu aifungie sensa kipande cha bomba cha kuidanganya. Fundi wa kweli huuliza kwanza nini kimeyaua, na kabla ya hapo, kama kweli yamekufa, kwa sababu ekzosi inayovuja karibu na sensa inaweza kuleta kodi hiyohiyo.

Themostati nayo ina kesi ya namna hiyo. Imekuwa desturi kuitoa na kuitupa kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Desturi hiyo haikuzuka kwa ujinga. Rejeta zilizojazwa maji ya kisima ziliziba kwa kutu na chumvi, themostati zikagoma kufunguka, vichwa vya injini vikapinda. Kuitoa kuliokoa injini nyingi njiani. Ila injini ya kisasa inataka nyuzi kati ya 80 na 95, na joto la Dar es Salaam mchana ni nusu ya hapo hata siku kali. Bila themostati injini inachelewa kupata moto, kompyuta inaendelea kuongeza petroli ikidhani ndiyo kwanza asubuhi, na kodi P0128 inajiandika. Mwenye gari analalamikia ulaji wa mafuta, anauziwa plagi na kusafishiwa nozeli, na hakuna anayemwambia kwamba kifaa kinachotakiwa kilitupwa miaka iliyopita.

Hoja ya kwanza dhidi yangu ni ya fedha, nayo ina uzito. Spea iliyotumika kutoka Japani ni nafuu, kazi ya fundi haina bei kubwa, kwa nini mtu alipe kupimiwa wakati anaweza kujaribu spea? Nakubali kwamba kujaribu spea kunaweza kuwa kipimo halali. Injini inapomisi na kodi ikiwa P0301, yaani silinda ya kwanza, fundi huhamisha koili ya silinda hiyo kwenda ya pili na kuendesha. Kodi ikihamia P0302, koili imejisema yenyewe, na jaribio halikugharimu shilingi. Lakini sensa iliyonunuliwa Gerezani au Grogan ya Nairobi, isiyojulikana ilitoka kwenye gari la hali gani, inaongeza kitu kimoja kisichojulikana juu ya kingine. Tuliwahi kupita njia hii kwenye afya: kila homa ilikuwa malaria na kila mwenye homa alimeza dawa, mpaka Shirika la Afya Duniani lilipoelekeza mwaka 2010 kwamba kila anayeshukiwa apimwe kwanza. Dawa ilikuwa nafuu wakati huo pia. Gharama ilikuwa kwa yule aliyekuwa na ugonjwa mwingine.

Hoja ya pili husema kifaa cha kusoma kodi sasa kinaunganishwa na simu, kila mtu anajipimia, ufundi huu umekwisha thamani. Kifaa hicho ni kizuri na kila mwenye gari la mtumba angepaswa kuwa nacho. Kinasoma, hakifikiri. Hatari yake ni kitufe cha kufuta. Kufuta hakutengenezi chochote, na kunarudisha majaribio yote ya kompyuta mwanzo, kiasi kwamba fundi atakayeliona gari kesho hatakuwa na pa kuanzia. Tena taa haihitaji kuzimwa na mtu: tatizo likiondoka kweli, kompyuta huizima yenyewe baada ya safari tatu mfululizo zisizo na kosa.

Kuna wanaosema gari kuukuu halistahili shughuli hii yote, taa na iwake. Kenya imezuia kuingiza magari yaliyozidi miaka 8, Tanzania huyatoza makuukuu ushuru wa ziada, lakini hakuna sheria inayozuia gari kuzeekea hapa hapa, na wengi wetu ndiyo magari tutakayoendelea kuyaendesha. Shida ya kuiacha taa iwake ni kwamba, ukiacha ile mipepeso ya injini inayomisi, ina sura moja tu. Ikishawaka kwa ajili ya mvuke wa tangi la mafuta, jambo dogo, haina namna ya kuwaka tena siku kasoro kubwa itakapoingia. Aliyeizoea amejinyima onyo.

Kinachoua ufundi huu ni jinsi tunavyolipa. Tunalipa kwa furaha kitu kinachoshikika mkononi, boksi la sensa na risiti yake, na tunanung'unika tukiambiwa tulipe saa moja ya kufikiri iliyoishia kwenye mpira wa bei ya chakula cha mchana. Fundi aliyeuza sensa tatu bila sababu anapata zaidi ya aliyepata kosa halisi, na vijana wanaojifunza gereji wanaona vizuri kipi kinalipa. Basi mwenye gari, kabla boneti haijafunguliwa, patana bei ya kupima peke yake, mbali na bei ya spea, na uilipe hata kama hakikubadilishwa kitu. Taka kodi ziandikwe kwenye karatasi kabla ya kufutwa. Ukiambiwa kifaa fulani kimekufa, uliza kimepimwaje na namba zilisomaje. Na kikishabadilishwa, uliza zinasomaje sasa.