Nani Aseme "Mimi"? Jina na Nafsi katika Riwaya ya Chen Qiufan

Jiji la Guangzhou, makao makuu ya jimbo la Guangdong kusini mwa China, linafahamika Afrika Mashariki kwa biashara. Wafanyabiashara wa Kariakoo na wa Nairobi wamelizoea kwa miaka mingi. Huenda kununua nguo, vipuri na simu, na mitaa ya Xiaobei na Sanyuanli imewapokea. Katika jiji hilo hilo, soko la Dashatou lilipata sifa kwa simu na vifaa vya umeme vilivyokwisha kutumika. Kisichofahamika sana ni kwamba jimbo hilo limetoa riwaya inayosimulia mwisho wa safari ya simu hizo. Jina lake kwa Kichina ni Huang Chao. Ilichapishwa mwaka 2013, na tafsiri ya Kiingereza ya Ken Liu, Waste Tide, ikatoka mwaka 2019.

Mwandishi wake, Chen Qiufan, alizaliwa mwaka 1981 katika mji wa Shantou, mamia ya kilomita mashariki ya Guangzhou. Ndani ya mipaka ya Shantou umo mji mdogo wa Guiyu, ambao kwa miaka mingi ulihesabiwa miongoni mwa majalala makubwa kabisa ya taka za kielektroniki duniani. Kompyuta na simu zilizotupwa katika nchi tajiri zilifika huko kwa makontena. Watu walizivunja kwa mikono, wakachoma nyaya na kutumia asidi ili kupata shaba na dhahabu. Serikali ya China ilianza kuzuia aina nyingi za taka za kigeni mwaka 2018, miaka mitano baada ya riwaya kuchapishwa.

Mbinu ya kwanza ya mwandishi imo katika jina la mahali. Kisiwa cha hadithi yake kinaitwa Guiyu, kama ule mji halisi. Sikio la Mchina halipati tofauti kubwa kati ya majina hayo mawili, ila jicho linaipata: katika jina halisi, alama ya kwanza ina maana ya kitu cha thamani, katika jina la riwaya, imewekwa alama ya silikoni, maada inayotengenezewa vijisehemu vya kompyuta. Kwa kubadili herufi moja tu, mwandishi amekwisha kutoa hoja yake. Thamani ya mahali imeondolewa, na nafasi yake imeshikwa na malighafi. Msomaji anaingia katika distopia, yaani jamii ya kubuni iliyoharibika kupita kiasi, bila kuvuka mpaka wowote; anabaki pale pale alipokuwa, ila jina limeandikwa upya.

Kisiwa hicho kinatawaliwa na koo tatu: Luo, Chen na Lin. Chini yao wako wahamiaji kutoka mikoa maskini ya bara, ambao wenyeji huwaita "watu wa taka". Mmoja wao ni msichana anayeitwa Mimi. Kirusi kilichofika kisiwani ndani ya shehena ya taka kinaingia katika ubongo wake na kuubadilisha. Kando yake yuko Chen Kaizong, kijana wa ukoo wa Chen aliyelelewa Marekani, ambaye amerudi kama mkalimani wa kampuni ya kigeni inayotaka mkataba wa kuchakata taka.

Kwa muhtasari huo, riwaya inafanana na hadithi za kidistopia zilizozoeleka na vijana duniani kote. Mfano unaofahamika zaidi ni The Hunger Games ya Suzanne Collins, iliyotoka mwaka 2008, ambayo nayo ina msichana maskini, watawala wakatili na uasi. Tofauti kubwa iko katika usimulizi. Katniss wa Collins anasimulia mwenyewe kwa nafsi ya kwanza, na katika wakati uliopo. Hata anaponyimwa chakula na uhuru, hajanyimwa "mimi" yake. Kila sentensi ni mali yake, na msomaji kijana anaivaa nafsi hiyo kama vazi lake. Chen Qiufan hampi msichana wake nafasi hiyo. Riwaya inasimuliwa kwa nafsi ya tatu, na usimulizi unahama kutoka kwa mhusika mmoja hadi mwingine. Mara nyingi msichana huyu anatazamwa na wengine: mkuu wa ukoo anamwona kama dawa ya mwanawe mgonjwa, wahuni wanamwona kama windo, mgeni anamwona kama sampuli yenye bei, na Kaizong anamwona kama mpenzi wa kuokolewa.

Hapa msomaji wa Kiswahili anapata kitu ambacho mwandishi na mfasiri hawakukusudia. Katika Kichina msichana huyu anaitwa Xiaomi, jina la nafaka ndogo ya jamii ya uwele, chakula cha watu wa kawaida. Nalo pia ni jina la kampuni ya simu ambazo leo zinauzwa hadi Dodoma na Kisumu. Ken Liu alimwita Mimi. Kwa msomaji wa Kiingereza hilo ni jina tu. Kwa Mswahili kila sentensi inayomtaja inazua mgongano. "Mimi alipigwa." "Mimi alitupwa." Kiwakilishi ni cha nafsi ya kwanza, kitenzi kinabeba nafsi ya tatu, na sarufi yenyewe inalalamika. Ni sadfa ya lugha, lakini inagusa kiini cha riwaya, kwa kuwa swali linaloiongoza hadithi yote ni nani katika dunia hii ya bidhaa anaruhusiwa kusema "mimi".

Swali hilo linazidi kukua baada ya msichana kuteswa na kirusi kuamka. Nafsi yake inagawanyika sehemu mbili, ambazo riwaya inazipa nambari: Mimi 0 na Mimi 1. Ya kwanza ni msichana mwoga anayekumbuka nyumbani. Ya pili ina nguvu ya kuingia katika mitambo, kuona mbali na kuua. Katika hadithi nyingi za vijana, kugundua nguvu iliyofichika ndiko kukua kwenyewe. Shujaa huteuliwa na hatima, naye huwa mkamilifu zaidi kuliko alivyokuwa. Mwandishi ameigeuza kanuni hiyo. Msichana huyu hakuteuliwa bali aliambukizwa, na kadiri nguvu inavyoongezeka, ndivyo mwenye nguvu anavyozidi kupotea. Kinaya chake ni kikali, kwani hata ukombozi wake umetengenezwa kwa mabaki ya watu wengine. Nambari 0 na 1, ambazo ndizo alfabeti ya kompyuta, zinaonyesha kwamba hata ndani ya kichwa chake amekwisha kuandikwa kwa lugha ya mashine alizokuwa akizivunja.

Taswira nyingine inayosaidia dhamira hiyo ni "eneo la kasi ndogo". Kisiwa kimewekewa kikomo cha mwendo wa intaneti. Wanaovunja simu za dunia nzima hawana mawasiliano ya maana na dunia hiyo. Mwandishi hahitaji kuhubiri kuhusu ukosefu wa usawa. Kasi ya mtandao inatosha kuonyesha nani anasikika na nani anacheleweshwa hadi anyamaze.

Hata hivyo, riwaya haikuepuka kabisa kosa inalolishutumu. Ukatili dhidi ya msichana umeelezwa kwa kina kinachokaribia kuufanya maonyesho, ilhali maisha yake ya kabla ya kufika kisiwani yamepewa nafasi ndogo. Kaizong, msomi aliyerudi kutoka ng'ambo, ana mashaka, kumbukumbu na falsafa. Msichana anabaki na mateso na miujiza. Mwishoni, katikati ya tufani, yeye mwenyewe anamwomba Kaizong aizime nguvu iliyomo ndani yake. Anaokoka, lakini akili yake imerudi utotoni. Uamuzi wa kuomba ni wake, na hilo ni jambo kubwa. Bado, baada ya hapo hana tena lugha ya kusimulia alichoamua, na wanaobaki kusimulia ni wale wale waliokuwa wakimtazama.

Fasihi ya Kiswahili ilikwisha kulitafakari suala hili kwa njia yake. Katika Walenisi ya Katama Mkangi, iliyochapishwa mwaka 1995, Dzombo anahukumiwa kifo na kurushwa angani, akafika katika nchi ambayo jina lake ni sentensi iliyofumbwa: wale ni sisi. Mkangi aliitumia safari ya angani kujenga jamii njema ili kuisuta ile mbovu. Chen Qiufan anaisukuma jamii mbovu mbele kidogo ili kuitahadharisha ya leo. Wote wawili wanaficha hoja katika jina, lakini wanaishia mahali tofauti. Kwa Mkangi, umoja unapatikana pale mtu anapowatambua wengine kuwa ni yeye. Kwa Chen Qiufan, watu wa taka wanaunganishwa na kirusi na waya, na gharama ya umoja huo inalipwa na msichana mmoja kwa nafsi yake yote.

Kuzisoma riwaya hizi mbili pamoja kunaonyesha upungufu wa kila moja. "Wale ni sisi" inaweza kuwa kauli rahisi mno ikiwa "wale" hawajapewa nafasi ya kusema "mimi" kwanza. Vilevile "mimi" iliyotengwa, hata ikiwa na nguvu ya mitambo yote ya kisiwa, haiwezi kudumu bila "sisi" ya kuipokea. Chen Qiufan ameiacha kazi hiyo bila kuimaliza, na labda kwa makusudi. Kontena la simu linapoondoka Guangzhou kuelekea Dar es Salaam au Mombasa, limebeba bidhaa ambayo siku moja itakuwa taka mikononi mwa mtu fulani. Riwaya haijui jina la mtu huyo. Imetufundisha tu kwamba kumwita "mtu wa taka" ndiyo hatua ya kwanza ya kumnyima jina.