Rezista Mbele ya Pini

Nikifungua kisanduku cha kuendeshea pampu ya maji, macho yangu hutafuta kwanza palipo kati ya waya wa nje na pini ya mikrokontrola. Hapo ndipo fundi hujulikana.

Pini hiyo ni dhaifu. ATmega328P, chipu ya Arduino Uno, ikiendeshwa kwa volti 5 haistahimili zaidi ya volti 5.5 kwenye pini zake za kawaida, wala haitaki kushuka zaidi ya nusu volti chini ya sifuri. Nasi tunaifungia waya mrefu unaopanda paani hadi kwenye boya la tangi, na radi ikipiga jirani, waya huo huzaa volti ya ghafla.

Ndani ya chipu zimo dayodi mbili za kupunguza ziada, moja kuelekea chanya, nyingine hasi. Ni ndogo mno, na kuziachia kazi yote ni kuzionea. Fundi ninayemsifu huweka rezista ya kilo-omu 10 mbele ya pini: hata volti 12 zikipotea njia zikafika hapo, mkondo hubanwa chini ya miliampea 1, nazo dayodi huupitisha salama. Kisha kapasita ya nanofaradi 100 kutoka pini hadi hasi. Viwili hivyo huchelewesha ishara kwa takriban milisekunde 1, na boya halina haraka. Mruko wa mikrosekunde chache huwa umekwisha kabla pini haijapanda kitu.

Kwenye rilei hufanya vivyo hivyo. Koili ikikatiwa umeme, nguvu iliyojaa ndani yake lazima itoke, kwa hiyo huifungia 1N4007 kinyumenyume, mstari wake upande wa chanya. Huchimba mtaro kabla ya mvua. Rilei itachelewa kidogo kuachia, na kwa pampu hilo si neno.

Bodi isiyo na vitu hivi hufanya kazi vizuri siku ya makabidhiano, na mteja hatauliza. Ndiyo maana nauheshimu ufundi huu kuliko taa zinazomeremeta.

Kuna swali ambalo wengi hulipita: ziada iliyopelekwa chanya huishia wapi? Kama saketi inatumia umeme kidogo, volti 5 zenyewe huanza kupanda, na chipu nzima inaweza kufa zikifika juu ya 6. Fundi huyu hufunga zena ya volti 5.6 kati ya chanya na hasi.