Wimbo wa Taifa wa Tanzania kama Utungo

Katika tungo za Kiswahili sidhani kama upo unaojulikana kwa moyo na watu wengi kuliko wimbo wa taifa wa Tanzania. Mtoto hufundishwa wimbo huo kabla hajajua kusoma vema. Huuimba mstarini shuleni, na akishakua huusimamia kwa heshima mpaka uzeeni. Lakini kwa kuwa aliupokea kwa sikio, aghalabu hubaki nao sikioni. Sisi wahakiki nasi, tuliozoea kuchambua tenzi na mashairi neno kwa neno, huupita kama mtu apitavyo nguzo ya nyumba yake mwenyewe. Makala haya yanakusudia kuusoma kama usomwavyo utungo wowote.

Mahadhi yake ni makongwe kuliko maneno yake. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, aliutunga mwaka 1897 kwa Kixhosa, ukiwa wimbo wa dini. Mwaka 1912 uliimbwa kufunga mkutano uliozaa chama kilichoitwa baadaye African National Congress, na mwaka 1925 chama hicho kikaufanya wimbo wake rasmi. Kwa hiyo Tanganyika ilipoutwaa katika uhuru wake mwaka 1961, ulikuwa umekwisha kutoka kanisani na kuingia katika madai ya haki.

Wako wasemao kwamba maneno ya Kiswahili ni tafsiri tu. Mimi, nikiyaweka kando ya yale ya Kixhosa, siafiki. Katika Kixhosa mwombaji anataka pembe ya Afrika iinuliwe, nayo ni taswira ya Biblia, ambamo pembe ni alama ya nguvu na utukufu. Kisha anamwita Roho ashuke. Katika Kiswahili pembe haimo, wala Roho haitwi. Twakuta badala yake ngao, nazo ni tatu: hekima, umoja na amani. Badiliko hili si dogo. Pembe ni ya mwenye kutukuzwa, na ngao ni ya mwenye kujikinga. Tena ngao hizi si chuma wala ngozi, bali ni tabia za watu wenyewe. Na kwa kumtaja Mungu peke yake, utungo umewafungulia mlango Mwislamu na Mkristo waingie pamoja.

Uzuri wake mkubwa zaidi umejificha katika viambishi. Tendo la kubariki hurudiwa tena na tena, lakini mtendwa hubadilika. Kwanza ni *i-*, yaani Afrika. Halafu ni *wa-*, yaani viongozi. Mwisho ni *tu-*, yaani sisi tunaoimba. Baraka inaanza kwa nchi, inapita kwa watawala, inafika kwetu. Na tukumbuke kwamba kabla ya uhuru wimbo rasmi wa Tanganyika ulikuwa ule wa Uingereza, unaomwomba Mungu amlinde mtu mmoja mwenye taji. Katika utungo huu viongozi wanaombewa nyuma ya nchi, tena bila ya kutajwa jina hata mmoja. Herufi chache za sarufi zimebeba fikra nzima ya utawala.

Ubeti wa pili nao una jambo la kuangaliwa. Tanganyika na Zanzibar ziliungana mwaka 1964, na mwaka huo huo likapatikana jina jipya. Tanganyika ni mizani minne, na mkazo uko katika *nyi*. Tanzania nayo ni mizani minne, na mkazo uko katika *ni*. Jina moja likatoka, jingine likaketi mahali pake, wala mahadhi hayakutikisika.

Hata hivyo utungo hauna budi kupimwa pia kwa kasoro zake. Mshairi wa kanuni atasema kwamba hauna vina vya kudumu na mizani ya mistari yake hailingani. Ni kweli, lakini huo ni wimbo uliofuata mahadhi yaliyokwisha kuwako, si shairi la bahari. Kasoro nzito zaidi naiona katika neno *wake*. Katika ubeti wa kwanza neno hili laonyesha umilikaji. Katika ubeti wa pili linaanza mstari, mara baada ya umoja kutajwa, na maana yake ni wanawake. Asiyeuona mstari huo katika karatasi hudhani kuwa ni umoja wa nchi, kwani sarufi yamruhusu. Niliwahi kuwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza maana ya neno hilo. Waligawanyika, na wengi walikuwa upande wa kosa. Walikuwa wameuimba tangu utotoni, na katika kuimba kwao wanawake walikuwa wamepotea.

Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo. Utungo huu ni dua, na mwenye kuomba hana budi kujua anamwombea nani. Mwalimu asiridhike na sauti za watoto zikipatana. Auandike wimbo ubaoni mstari kwa mstari, awaulize *i-* ni nani, *wa-* ni nani, *tu-* ni nani, na *wake* ni akina nani. Hilo ni somo la nusu saa, na linamfaa hata mwanafunzi wa chuo kikuu.