"Serikali" si "Siri Kali"

Mwaloni Katonga, kama kwingineko nchini, husikika usemi kwamba serikali ni "siri kali". Wengine huutamka kwa mzaha. Wengine huufundisha kuwa ndio asili ya neno. Fundisho hilo halina msingi. Neno latokana na Kiajemi "sarkar": "sar" ni kichwa, "kar" ni kazi, yaani mkuu wa kazi, msimamizi. Kihindi nacho hulitumia hadi leo kwa maana ya serikali.

Kosa hili si la lugha tu. Mvuvi akiuliza ushuru wa dagaa wake umefanya kazi gani, akajibiwa "siri kali", mzaha umegeuka fundisho la woga. Paulo, katika Warumi 13:4, amwita mwenye mamlaka "diakonos", mtumishi. Nayo Katiba ya 1977, ibara ya 8, yasema mamlaka ya serikali hutoka kwa wananchi.

Ni kweli, asili ya neno haimfanyi mtawala kuwa mwema, wala si kila jambo la dola hutangazwa sokoni. Lakini msimamizi hudaiwa hesabu. Basi sisi tuhubirio tusiupeleke usemi huu mimbarani, hata kwa kuchekesha.