Mwigo na Urithi: Stevie Ray Vaughan Mbele ya Jimi Hendrix

Makala haya yanahakiki mwigo wa Jimi Hendrix katika muziki wa roki wa Marekani. Hoja yetu ni kwamba mwigaji hupimwa kwa jinsi anavyoujibu mlio wa mtangulizi wake, si kwa jinsi anavyofanana naye jukwaani. Ishara za Hendrix hazikuanza naye: kupiga gitaa likiwa kisogoni kulikuwa sehemu ya maonyesho ya T-Bone Walker, mwanabluzi aliyemtangulia. Kwa hiyo, Hendrix naye alikuwa mwanagenzi, na anayemwiga kwa ishara tupu humtenga na bluzi iliyomlea.

Mwaka 1984, Vaughan alirekodi upya “Voodoo Child (Slight Return)”, wimbo ambao Hendrix aliutoa mwaka 1968. Alimfuata kwa mengi: gitaa la Fender Stratocaster, nyuzi zilizolegezwa nusu toni, na pedali ya wawa inayoupa mlio sauti kama ya mtu anayesema. Utangulizi wake unamfuata Hendrix kwa karibu mno, na hapo ndipo penye udhaifu wa rekodi hiyo. Uhai wake huanza anapojitenga. Kwa nyuzi nene na mkono mzito, Vaughan huukaza ndani ya mapigo mlio ambao Hendrix aliuacha uelee na kupasuka. Hapo twasikia bluzi ya Texas, alikokulia.

Kwa msingi huo, uhakiki wa mwigo usiishie kuorodhesha vifaa na ishara zilizoazimwa. Uchunguze pia kile ambacho mwigaji amekiongeza katika urithi aliopokea.