Dakika saba za Dublin: jinsi Riverdance ilivyotengenezwa

Tarehe 30 Aprili 1994, katika ukumbi wa Point jijini Dublin, Ayalandi ilishinda shindano la nyimbo la Eurovision kwa mwaka wa tatu mfululizo. Wimbo wenyewe wengi wameusahau. Kilichobaki vichwani mwa watu ni dansi ya dakika kama saba iliyowekwa kati ya nyimbo na kura ili watazamaji wasichoke kusubiri. Mwaka uliofuata dansi hiyo ikawa onyesho kamili la jukwaani, na tangu hapo zaidi ya watu milioni 25 duniani wamelipa kiingilio kuitazama.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba dunia iligundua ghafla uzuri wa utamaduni wa Kiairishi. Siyakubali. Utamaduni huo ulikuwepo siku zote, na vikundi vya dansi vilikuwa vikizunguka Marekani na Uingereza kwa miongo kadhaa bila mtu wa nje kushtuka. Kilichobadilika usiku ule ni ufundi, hasa ufundi wa kupunguza.

Tuanze na malighafi. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, Chama cha Kigaeli kiliifanya dansi kuwa silaha ya kujitambulisha mbele ya Waingereza, na mwaka 1930 ikaundwa tume, An Coimisiún le Rincí Gaelacha, ya kusimamia walimu, majaji na kanuni. Mashindano ya dunia yalianza Dublin mwaka 1970. Mtoto wa Chicago, Birmingham au Cork alifundishwa mambo yaleyale: kiwiliwili wima, mikono imenyooka ubavuni, miguu imegeuziwa nje na kupishana, uzito kwenye ncha za vidole. Kwa kufuata kanuni hizo miaka nenda rudi, mashindano yalikuwa yamezalisha maelfu ya vijana wenye miguu ya kiwango cha juu sana, na wasio na pa kuitumia. Bingwa akifika miaka ishirini na kitu, ajira iliyomngoja ilikuwa kufundisha wengine washindane.

Moya Doherty, mtayarishaji wa Eurovision mwaka huo, aliiona akiba hiyo. Akaagiza muziki kwa Bill Whelan, na dansi akawapa Michael Flatley na Jean Butler, wote wawili wazaliwa wa Marekani waliokwisha kupanda majukwaani na bendi ya The Chieftains. Nadhani kuzaliwa nje kuliwasaidia. Flatley, Mmarekani wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia mwaka 1975, hakuwa na haya ya kuinua mikono, kutabasamu na kumtazama mtazamaji usoni. Kwa majaji wa mashindano hilo lilikuwa kosa.

Kisha wakaanza kuvua. Gauni nzito za mahameli zilizojaa nakshi za Kiselti, pamoja na nywele zilizoviringishwa kwa saa nzima, zikawekwa kando. Wachezaji wakavalishwa nguo fupi nyeusi zisizo na urembo. Sababu si mitindo tu. Nakshi hulivuta jicho kifuani, ilhali dansi hii yote inafanyika kuanzia goti kushuka chini. Ukilifuta pambo la juu, mtazamaji wa Lisbon asiyejua lolote kuhusu Ayalandi analazimika kutazama miguu.

Mpangilio wa zile dakika saba unastahili kusomwa taratibu, maana siri kubwa ipo hapo. Inaanza na kwaya ya Anúna, sauti tupu katika ukungu wa jukwaa, hakuna mguu unaosogea. Kisha Butler anaingia na kucheza kwa utulivu, karibu kuelea. Ngoma zinalia. Flatley anakatiza jukwaa kwa kuruka, shati lake la rangi ya samawati likipepea, na hapo ndipo viatu vigumu vinaanza kusikika. Wanacheza wawili, kana kwamba hadithi ni ya mapenzi na imekamilika. Mstari wa wachezaji unaokuja baada ya hapo, bega kwa bega kutoka pembe hadi pembe, ndiyo picha ambayo kila mtu anaikumbuka, nao umefichwa hadi mwisho. Kwa hiyo mtazamaji amefundishwa hatua kwa hatua: kwanza sauti, kisha mwili mmoja, kisha mdundo, kisha wawili, halafu kishindo. Mstari ungetangulia, ungekuwa gwaride.

Hapo pia ndipo ile mikono iliyonyooka inapolipa. Katika dansi ya mtu mmoja, mikono isiyosogea huonekana kama aibu au adhabu. Iweke kwa wachezaji wengi waliojipanga safu moja, nayo inageuka ukuta, na chini ya ukuta huo miguu inakwenda kasi kuliko jicho.

Muziki nao haukuwa wa kijijini. Whelan alikuwa ameshaandika kipande cha Eurovision ya 1981 pamoja na Dónal Lunny, kikapigwa na kundi la Planxty. Mwaka 1992 alitayarisha albamu ya East Wind, iliyochota katika midundo ya Bulgaria na Makedonia, ile yenye hesabu zinazochechemea. Ndiyo maana Riverdance inasikika ya Kiairishi na wakati huohuo ina jambo linalokataa kutulia. Mcheza dansi aliyezoea reel ya nne kwa nne, au slip jig ya tisa kwa nane, ilibidi ajifunze kuhesabu upya.

Tuje kwenye sauti ya viatu, ambako watu hupenda kushtuka. Viatu vigumu vya leo vina ncha na visigino vya faibaglasi badala ya ngozi na misumari ya zamani, na mlio wake ni mkali kama risasi. Lakini kadiri kundi linavyokuwa kubwa ndivyo kuchelewa kidogo kwa kila mguu kunavyotia ukungu, na maikrofoni za sakafuni huokota vishindo pamoja na mibofyo. Maonyesho haya basi yametumia pia milio iliyorekodiwa studio, hasa katika dansi za kundi, ikachanganywa na ile ya jukwaani. Wapo wanaouita udanganyifu. Mimi nauona uamuzi wa fundi, mradi mchezaji anayecheza peke yake asikike kwa viatu vyake mwenyewe. Anayeuza tiketi kwa jina la mdundo wa miguu anapaswa kulisema hilo waziwazi.

Kutoka dakika saba hadi saa mbili ilikuwa kazi nyingine. Onyesho lililofunguliwa Februari 1995, chini ya uongozaji wa John McColgan, mume wa Doherty, lilihitaji vya kujazia, likaleta flamenko ya María Pagés, dansi ya Kirusi na kwaya ya injili. Nyingi ya sehemu hizo ni mapambo, na ukizitoa hakuna kinachovunjika. Isipokuwa moja, ile ya Waairishi kushindana na wacheza tapu, dansi ya viatu ya Wamarekani weusi. Hiyo ina mizizi. Katika miaka ya 1840, William Henry Lane, kijana mweusi aliyeitwa Juba, alishindana hadharani na John Diamond, Mmarekani mwenye asili ya Kiairishi, na vitongoji vya New York walikoishi jamii hizo mbili ndivyo vilivyosaidia kuizaa tapu. Onyesho linaigeuza kuwa kichekesho chepesi, lakini angalau hapo wageni wana sababu ya kuwepo.

Jaribio halisi lilikuja Oktoba 1995, Flatley alipoondoka kwa mgogoro wa nani mwenye haki juu ya kazi ile. Colin Dunne wa Birmingham, bingwa wa dunia mara tisa, akachukua nafasi, na kumbi zikaendelea kujaa. Ikathibitika kwamba nguzo ilikuwa mfumo, nyota anabadilishika. Kwa kuwa mashindano yalikuwa yamewapa wachezaji wote lugha moja ya miguu, aliyeumia Jumanne angeweza kupatiwa mbadala haraka. Hivyo yakawezekana makundi kadhaa kuzunguka kwa wakati mmoja, kila moja likipewa jina la mto wa Ayalandi: Liffey, Lee, Lagan. Mwaka 2013, Dublin, wachezaji 1,693 walijipanga mstari mmoja kuweka rekodi ya dunia.

Flatley alijibu mwaka 1996 kwa Lord of the Dance: wema dhidi ya uovu, kifua wazi, taa nyingi, kumbi za ukubwa wa uwanja. Imeuza tiketi vizuri sana, na mstari wake ni mzuri. Lakini tayari ni kazi ya kuongeza juu ya kuongeza. Anayetaka kujifunza kazi ilivyofanyika aitafute rekodi ya 1994, ile fupi, aitazame mara ya kwanza kwa macho na mara ya pili akiwa amefumba, asikilize tu.