Abakosti: vazi la Leta

Wengi wanasoma 1984, kitabu cha George Orwell cha mwaka 1949, sawa vile hadithi ya Wazungu wa mbali. Mle ndani watu wa chama wanavaa ovaroli ya buluu, wakubwa wao nyeusi. Margaret Atwood naye, mwaka 1985, aliwavika wanawake rangi kufuatana na kazi: nyekundu kwa wenye kuzalia wakubwa, buluu kwa mabibi wao, kijani kwa watumishi. Wazee wetu wa Kindu hawana haja ya kuelezwa mambo hayo. Wao walivaa abakosti.

Jina lenyewe ni Kifaransa kilichokatwa, « à bas le costume », suti ianguke! Basi vazi la authenticité lilibatizwa kwa lugha ya mkoloni, tena zile za Mobutu zilishonwa kwa Arzoni, kule Zellik, Ubelgiji. Miaka ya 1970 karavati ilikatazwa; mama wakakatazwa pantalo na wigi, wavae kikwembe. Bwana akawa citoyen.

Hapa ninamkatalia Orwell kidogo. Ovaroli yake haimpendezi mtu. Abakosti ilipendeza! Ikipigwa pasi vizuri, ilimtofautisha mtu wa biro na mtu wa pirogi, na Leta ilijua hivyo. Huku Maniema tulikuwa tumezoea. Zamani kanzu ilionyesha nani ni muungwana wa Kasongo au Nyangwe, nani mshenzi. Halafu Wabelgiji walileta carte du mérite civique, mwaka 1948, na évolué akachunguzwa hata ndani ya nyumba yake, namna anavyokula na anavyovaa. Karavati ile aliyoitolea jasho ndiyo Mobutu alimvua. Alivuliwa chujio moja, akavikwa lingine.

Katika kitabu cha Orwell, Julia anajipaka uso ndani ya chumba cha kujificha, anatamani gauni na viatu vya kisigino. Papa Wemba na wasapeur wa Kinshasa walifanya hivyo barabarani, mchana, na watu wakipiga makofi. Riwaya ile haina mtu wa namna hiyo.

Tarehe 24 Aprili 1990, kule N'Sele, Mobutu aliruhusu karavati, yeye mwenyewe akabaki na abakosti yake. Kwa mama kesi haikuisha pale. Mwaka 1997, Mobutu akiwa amekwisha kukimbia, askari wa AFDL waliwasumbua wanawake wa Kinshasa juu ya pantalo za kubana na sketi fupi. Na huku kwetu, msichana mwenye pantalo anaulizwa na mama mkwe mbele ya kuulizwa na askari.